Kwa aliyeuliza kuhusu matembezi ya wanaume porini: nenda, lakini mchunguze kwanza anayeongoza njia

Mdogo wangu, nimekusoma. Una miaka 34, kazi ipo, mke na watoto wapo, lakini jioni unapitia kijiweni hata kama huna hamu ya kijiwe, ili ufike nyumbani watu wameshalala. Umeona tangazo la matembezi ya wanaume peke yao, siku sita kwa miguu kutoka nyanda za juu za Ngorongoro hadi Ziwa Natron, begi mgongoni, na mkufunzi wa kuzungumza nanyi kila jioni. Unauliza kama kuna kitu cha kweli humo au ni semina ya hamasa iliyohamishiwa porini. Wengi waliochangia kabla yangu kwenye uzi huu wamekwambia mwanaume hafundishwi uanaume kwa kulipia. Mimi nimetembea njia hiyo, kwa mpango wa namna hiyo, na ninakujibu tofauti nao.

Nilikwenda wakati nikiwa msimamizi wa mirathi ya marehemu baba. Aliyewahi kuishika kazi hiyo anajua maana yake: mashamba mawili yenye mgogoro wa mipaka, wadogo wanaosubiri ada, mama wa kambo asiyeniamini, safari za mahakama ya mwanzo, na kila simu ya ukoo kuanzia kwangu. Kila mtu alinisifu kwa jinsi nilivyobeba mambo. Sikuwa mlevi, sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nimenyamaza tu, mwaka mzima na zaidi, hadi mke wangu akachangia nusu ya gharama na kuniambia niende.

Nikueleze njia kwanza, kwa sababu kazi kubwa inafanywa na njia yenyewe. Mnaanzia Nainokanoka, kijiji cha Wamaasai kilicho chini ya kreta ya Olmoti. Mto Munge unatoka ndani ya Olmoti, unaanguka kwenye maporomoko, kisha unateremka hadi kwenye sakafu ya kreta kubwa ya Ngorongoro. Kutoka hapo mnakata uwanda wa Bulati, nyasi hadi macho yanapoishia, mbuzi, ng'ombe na pundamilia wakila pamoja, mpaka mnapanda ukingo wa Empakaai. Ukingo huo una urefu wa karibu mita 3,200 kutoka usawa wa bahari. Kreta ina upana wa kilomita sita hivi, kuta zake zimevikwa msitu, na chini kuna ziwa la magadi lenye heroe. Baada ya hapo ni kijiji cha Naiyobi, halafu mteremko mrefu wa kuingia Bonde la Ufa, Ol Doinyo Lengai ukiwa umesimama mbele yenu kutwa nzima, hadi Ngare Sero kandoni mwa Natron, kwenye mita kama 600 tu. Kwa hiyo mnatoka kwenye baridi ya kuvaa makoti mawili usiku na kuingia kwenye joto la vumbi na majivu ya volkeno ndani ya siku chache. Mwili hauna nafasi ya kujifanya.

Kila mmoja alibeba begi lake: nguo, mfuko wa kulalia, maji ya kutwa na sehemu ya chakula. Mahema, vyombo vya jikoni na madumu ya maji vilibebwa na punda, maana huko hakuna duka wala bomba la kutegemea. Askari wa hifadhi mwenye silaha alikuwa nasi muda wote. Hiyo ni sharti la Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, na ni sharti lenye sababu, kwani nyati wapo.

Sasa nikupeleke kwenye jambo ninalotaka ulishike. Mkufunzi wetu alikuwa mtu mwema na msomi, lakini aliyenibadilisha ni mzee wa Kimaasai aliyekuwa anaongoza njia. Jioni ya kwanza kabla ya kuondoka alifungua kila begi, mbele ya watu wote, akatoa visivyohitajika. Kwangu alitoa vitabu, jozi ya viatu vya akiba na betri za ziada. Aliyepinga alielezwa kwa upole kwamba mtu wa kilo 75 asivuke kilo 15 mgongoni, basi. Asubuhi yake akatoa sharti lingine: anayetembea polepole kuliko wote ndiye atakayetangulia, na hakuna wa kumpita.

Unaweza kuona ni sharti dogo. Kaa na wanaume waliozoea kuwa mabosi, wenye magari ya kupita foleni pembeni, uwaambie watembee nyuma ya mtu mzito anayehema kila baada ya hatua mia. Siku ya kwanza kulikuwa na miguno. Siku ya pili wawili walijaribu kupita, mzee akasimama, akawasubiri warudi. Hakusema neno. Kufikia Bulati miguno ilikuwa imekwisha, na kitu kingine kilikuwa kimeanza: watu waliokuwa wakiwahi walikuwa sasa na pumzi ya kuzungumza.

Kisha likaja suala la fundi mmoja, mkandarasi wa majengo, ambaye alikuwa na malengelenge kwenye visigino vyote viwili na hakumwambia mtu. Mzee aliona kwa jinsi alivyokuwa akiweka mguu. Akatukalisha wote, akaagiza kila mtu avue viatu, akakagua mguu mmoja mmoja, na tangu hapo ikawa ndiyo desturi ya kila mapumziko. Visigino vya fundi vilikuwa vimechunika. Mzee akafungua begi la fundi na kuanza kugawa vitu kwa sisi wengine. Fundi akakataa. Alisema begi lake atalibeba mwenyewe, na alisema kwa sauti ambayo kila mmoja wetu aliijua, kwa sababu ni sauti yetu. Mzee akamjibu, "Punda akichechemea tunampunguzia mzigo bila kumwuliza. Wewe ni mtu, ndiyo maana nakuuliza." Akasubiri. Tulikaa pale juani muda mrefu kabla fundi hajaitikia kwa kichwa.

Mchana ule fundi alitembea mikono mitupu kando yangu, na karibu na kambi akaniambia kuhusu mkopo ambao mke wake haujui. Hakuna aliyemwuliza. Siku mbili baadaye, kwenye mteremko wa Naiyobi, nami nikasema kwa mdomo wangu, kwa mara ya kwanza, kwamba nimechoka na mirathi, kwamba dada yangu anayefuata ana kichwa cha hesabu kuliko mimi na yuko tayari kusaidia, na kwamba nimekuwa nikimzuia kwa sababu naogopa ukoo utasema mtoto wa kwanza ameshindwa kazi ya baba. Niliporudi niliitisha kikao cha familia. Tulikwenda mahakamani, dada akateuliwa kuwa msimamizi mwenza. Mgogoro wa mpaka mmoja aliumaliza yeye.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema haya ni mambo ya kuiga. Mzee alituhadithia habari za orpul: morani wanaondoka bomani na ng'ombe wa kuchinja, wanakaa msituni siku nyingi wakila nyama na kunywa supu iliyochemshwa na magome na mizizi, wakijijenga na wengine wakijitibu. Wa kusini na wa pwani tunakumbuka jando na kumbi zake, ambako wavulana walitengwa na kufundwa na wakubwa. Hata kwa mtindo wa kisasa, shule ya Outward Bound ya Loitokitok, upande wa Kenya wa Kilimanjaro, imekuwa ikipeleka vijana mlimani kwa malezi ya namna hii tangu miaka ya 1950. Kilichopungua kwetu ni mahali pa mwanaume mtu mzima. Ukishaoa, ukishazaa, hakuna tena anayekutenga siku chache na kukuangalia miguu.

Kuhusu mkufunzi: alikuwa na busara ya kunyamaza. Kila jioni aliuliza swali moja, aliyetaka alijibu, asiyetaka alikunywa chai yake. Zoezi lake zito lilikuwa pale Empakaai, alipotukalisha ukingoni asubuhi, kila mtu peke yake lakini ndani ya macho ya askari, bila simu, bila kitabu. Nilidhani ningefurahia utulivu. Saa ya kwanza nilipiga hesabu za mashamba. Saa ya pili nilimkumbuka baba akiwa mzima, si marehemu wa kwenye mafaili, na hilo lilikuwa halijanitokea tangu tumzike. Kama mpango uliouona hauna kipindi cha namna hii, waombe wakiweke.

Kuna mambo ambayo ukiyakuta kwenye tangazo lao uachane nao. Kunyimwa usingizi au chakula ili "uvunjike". Kupigiwa kelele. Watu kuungama mbele ya kamera. Ahadi kwamba ndoa itapona. Na mhubiri yeyote ambaye kila sentensi yake ni mwanaume wa kweli hivi, mwanaume wa kweli vile. Huyo anakuja na jibu lake mfukoni, hatakusikiliza.

Wakipita hapo, waulize maswali ya kawaida ya usalama, na usione haya. Kampuni ina leseni ya TALA, yaani ile ya wakala wa utalii? Malipo ya hifadhi yanapitia namba ya malipo ya serikali, na risiti utaiona? Mtu akiumia kati ya Empakaai na Ngare Sero, gari linamfikia wapi, na nani anapiga simu? Mtandao huko unapatikana kwenye vilima fulani tu. Juu ya mita 2,500 kichwa kinaweza kuuma na chakula kikakataa. Kikizidi dawa yake ni kuteremka, si kujikaza, kwa hiyo kiongozi awe na mamlaka ya kuahirisha. Maji nayo: maeneo haya ya volkeno maji mengi yana floridi nyingi, na kuchemsha hakuiondoi, hivyo uliza wanachota wapi. Kama una presha au sukari, pima kabla, umwambie anayeongoza, si mkufunzi peke yake. Msimu mzuri ni Juni hadi Oktoba. Masika usijaribu, tope la Bulati litawamaliza.

Mipango mingine humalizia kwa kupanda Ol Doinyo Lengai usiku. Ni mlima wa ajabu, wa karibu mita 2,960, volkeno hai pekee duniani inayotoa lava ya kaboneti, nyeusi inapotoka na nyeupe ikishapata unyevu, na mlipuko wake mkubwa wa mwisho ulikuwa 2007 hadi 2008. Lakini mteremko ni mkali, ni majivu na mawe yanayoteleza, na mnakwenda gizani. Nionavyo mimi, kuuweka mwishoni mwa safari kama hii ni kuharibu kilichopatikana, kwani watu walioanza kungojana wanarudi kushindana. Kama unautaka, rudi siku nyingine. Mwisho mzuri ni nyayo za kale za Ngare Sero, zaidi ya 400, za watu waliopita kwenye majivu hayo maelfu ya miaka iliyopita, halafu ziwa.

Mkipita kwenye maboma ya watu, msipige picha bila idhini, na ushuru wa vijiji ulipwe. Wenyeji wa nyanda zile wako kwenye kipindi kigumu. Tangu 2022 familia nyingi zimehamia Msomera, kule Handeni, kwa mpango wa serikali wa kuwatoa hifadhini. Mzee alituambia ndugu zake ni miongoni mwao, na hakuendelea zaidi.

Jambo ambalo matangazo hayasemi ni baada ya safari. Sisi tulikubaliana kukutana kila mwezi, bila mkufunzi, kwa kutembea si kwa kukaa, na tunaendelea, ingawa wawili wameacha. Bila hicho, nadhani mengi yangeyeyuka kwenye foleni ya kwanza ya kurudi mjini. Waulize wamepanga nini kwa ajili ya mwezi wa pili na wa tatu.

Halafu neno moja nalitoa kwa uzito. Kama kunyamaza kwako kumefikia kutamani usiwepo, au hulali kabisa kwa wiki nzima, usianze na pori. Nenda kliniki ya afya ya akili kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa wako, ukamwone daktari, na safari itakusubiri. Umeandika mambo mengi kwenye swali lako lakini hilo hukulisema, ndiyo maana naliuliza hapa hadharani na unaweza kunijibu faraghani.

Kama si hivyo, weka ratiba yao hapa kwenye uzi, na utuambie anayeongoza njia ameifanya kazi hiyo kwa miaka mingapi na anatoka upande gani. Viatu vinunue sasa na uvivae kila siku, hata ukienda sokoni, maana vipya vikikutana na mteremko wa Naiyobi utakuwa na visigino vya yule fundi.