Sarafina ana jina lake

Wiki iliyopita mhariri aliuliza ni mwigizaji yupi wa tamthilia za muziki aliyewagusa watu wengi kuliko sifa anazopewa. Mimi namtaja Leleti Khumalo wa Afrika Kusini, ingawa najua kwamba wasomaji wengi wa Nairobi watamtambua upesi zaidi nikisema Sarafina, na hapo ndipo ilipo hoja yangu.

Khumalo alizaliwa mwaka 1970 KwaMashu, karibu na Durban, na alikuwa na umri wa miaka 17 tu tamthilia ya Sarafina! ilipoanza kuigizwa Johannesburg mwaka 1987. Mtunzi wake, Mbongeni Ngema, alimpa nafasi ya Sarafina, mwanafunzi wa Soweto anayeiwazia siku ya kuachiliwa kwa Nelson Mandela, ambaye wakati huo alikuwa bado kifungoni. Januari 1988 tamthilia hiyo ilifika Broadway, eneo la kumbi kubwa za maigizo jijini New York, ikaigizwa mara 597, na mwaka huohuo Khumalo akateuliwa kuwania Tuzo ya Tony, tuzo kuu ya maigizo ya Broadway. Hakuipata, wala sioni kama hilo lilimpunguzia chochote. Anayedhani kazi yake ilikuwa nyepesi na ajaribu kuimba kwa sauti kamili huku akicheza mbaqanga, muziki wa dansi wa Afrika Kusini, kisha atulie ghafla na kuzungumza bila kuhema.

Hapa kwetu sifa zake zililetwa na filamu ya Sarafina! ya mwaka 1992, ambamo Whoopi Goldberg aliigiza mwalimu na Miriam Makeba akawa mama yake Sarafina. Kila Juni 16, Siku ya Mtoto wa Afrika, ambayo huwakumbuka wanafunzi waliouawa Soweto mwaka 1976, shule yetu ya msingi huku Eastlands ilitupanga uwanjani tuimbe maneno ya Kizulu ambayo hata mwalimu hakujua maana yake, na kila darasa lilikuwa na Sarafina wake. Darasani kwetu alichaguliwa msichana mwenye sauti kubwa, si yule aliyejua kuimba, na nakiri kwamba kinyongo hicho hakijanitoka.

Baadaye Khumalo aliigiza mama mwenye virusi vya UKIMWI katika Yesterday, filamu ya Kizulu ya mwaka 2004 iliyoteuliwa kuwania Tuzo ya Oscar, na utulivu wake humo ni wa mtu aliyekwisha kujua kwamba si lazima apaze sauti ili asikike. Hata hivyo, ni wachache ninaokutana nao wanaoikumbuka.

Sarafina! ilipoigizwa katika Ukumbi wa Kitaifa hapa Nairobi mwaka 2018, mtoto aliyeketi nyuma yangu alimwuliza mama yake kama Sarafina alikuwa mtu wa kweli. Mama alimjibu bila kusita kwamba ndiyo, yeye mwenyewe alimwona kwenye televisheni.