Aende, ila mzazi aichunge mizani

Swali lenu la wiki linauliza mzazi amjibu nini binti wa miaka 14 anayetaka kushindana katika kunyanyua vyuma. Mimi nasema aende. Niliwahi kunyanyua, sikuvuma, na siku hizi napanga sahani za uzito kwenye chuma wakati wa mashindano, kazi inayokuweka karibu na wasichana hawa kuliko kiti chochote ukumbini. Wazazi wengi ninaokutana nao wanaogopa chuma. Mimi naogopa mizani, na watu wazima wanaoizunguka.

Tuimalize kwanza hoja ya mwili. Kunyanyua chini ya kocha anayeijua kazi yake hakumdumazi mtoto. Wanyanyuaji wengi ni wafupi kwa kuwa chuma cha mfupi kina safari fupi. Mbona hatusemi mpira wa kikapu ndio uliowarefusha wachezaji wake? Tena hakuna anayembebesha msichana mzigo siku ya kwanza. Ataanza na fimbo tupu, afundishwe kuchuchumaa, kuvuta huku mgongo umenyooka na kuingia upesi chini ya chuma. Chuma cha wanawake chenyewe kina kilo 15, na ni chembamba kidogo kuliko kile cha wanaume cha kilo 20. Shirikisho la kimataifa huwaruhusu vijana kushindana kuanzia miaka 13, na pamoja na wakubwa kuanzia 15, kwa hiyo huyu wa 14 hajawahi wala hajachelewa.

Kitakachokushtua ukimwona ni mikono. Kidole gumba hufichwa chini ya vidole vingine ili chuma kisiponyoke, na miezi ya mwanzo kinauma hadi kushika kalamu inakuwa shughuli. Viganja huota sugu, na sugu isiposuguliwa ikapungua huja ikachanika katikati ya mazoezi, damu hadi kwenye chuma. Miundi nayo hukwaruzwa. Yote hayo hupona.

Majeraha ya mizani hayaponi upesi hivyo. Wachezaji huanza kupimwa uzito saa mbili kabla ya shindano, na aliyezidi hata gramu chache haingii daraja lake la uzito. Hapo ndipo kocha mwenye haraka humnyima binti maji, humvika masweta akimbie atoe jasho, humlaza na njaa. Msichana anayekula pungufu kwa muda mrefu hedhi hukatika na mifupa hudhoofika, na mfupa dhaifu chini ya chuma ndio hatari yenyewe. Kocha akianza kusifu nidhamu ya binti ambaye hajaona siku zake kwa miezi, mimi ningemtoa binti huyo jioni hiyo hiyo. Katika umri huu ashindane kwenye daraja ambalo mwili wake umeamkia.

Na hata hilo daraja si mali yake. Mtazame Hidilyn Diaz wa Ufilipino. Alikwenda Olimpiki ya Beijing 2008 akiwa na miaka 17, akapata medali ya fedha Rio 2016, halafu Tokyo, katika michezo iliyofanyika 2021, akaipa nchi yake dhahabu ya kwanza katika historia: kilo 224 kwa jumla, moja tu zaidi ya Liao Qiuyun wa China, daraja la kilo 55. Kufika Paris 2024, madaraja ya wanawake yalikuwa yamepunguzwa kutoka saba hadi matano, na la kilo 55 halikuwemo. Ikambidi apande hadi 59, ambako nchi moja ilipewa nafasi moja, na nafasi hiyo akaichukua Mfilipino mwenzake, Elreen Ando. Bingwa akabaki nyumbani kwa uamuzi uliopitishwa mezani.

Kisha kuna dawa za kuongeza nguvu. London 2012, daraja la kilo 75, wanawake watatu wa kwanza wote walikuja kunyang'anywa medali. Madias Nzesso wa Kamerun, aliyemaliza wa sita, akawa mwenye shaba miaka kadhaa baada ya ukumbi kufungwa taa. Sara Ahmed wa Misri alipata shaba Rio akiwa na miaka 18, akaikosa Tokyo kwa sababu timu ya nchi yake ilifungiwa kwa makosa ya wengine, akarudi Paris na kuchukua fedha kwa kilo 268. Ndiyo maana nasema kila kidonge, kila unga wa protini, kila kinachoitwa vitamini kutoka mkononi mwa kocha, mzazi akijue kwa jina kabla hakijamezwa.

Riziki? Ni haba, tusidanganyane. Olivia Reeves wa Marekani alitwaa dhahabu ya Paris akiwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu, kwa hiyo anayekuambia binti aache masomo ili anyanyue vizuri hana hoja.

Lililobaki ni shindano la kwanza. Atapewa majaribio matatu kwa kila mtindo: ule wa kupeleka chuma juu kwa mkupuo mmoja, na ule wa kukipumzisha mabegani kwanza. Akiitwa ana dakika moja. Akikosa matatu ya mtindo mmoja, hana jumla ya mitindo miwili hata kama ule mwingine aliupita vizuri. Mirabai Chanu wa India yalimfika hayo Rio 2016, na mwaka uliofuata akawa bingwa wa dunia, lakini yeye alikuwa mtu mzima mwenye ngozi ngumu. Kwa huyu wa miaka 14, kocha aandikishe uzito wa kuanzia ambao binti ameuzoea hata siku akiwa amechoka, na kocha huyo akitaka aanze na uzito wa kutambia, mkatalie mbele ya watu. Wewe mzazi kaa viti vya nyuma, na usimpungie mkono akishashika chuma.