Maswali na majibu: Mkono hausubiri uamuzi ukamilike

Mtu si huamua kwanza, ndipo anyooshe mkono?

Ndivyo tunavyojihisi, lakini mkono unasema vingine. Mwaka 2005 mtafiti Michael Spivey na wenzake walionyesha watu picha mbili kwenye kompyuta, wakawatajia jina la moja waibofye kwa kipanya. Majina yalipoanza kwa sauti zinazofanana, mshale ulivutwa kidogo upande wa picha nyingine kabla ya kufika palipotakiwa. Mkono ulishaondoka, ushindani kichwani haujaisha.

Mwaka huohuo watafiti Paul Cisek na John Kalaska walichapisha utafiti wa ubongo wa kima. Mnyama alipooneshwa sehemu mbili za kufikia bila kuambiwa ipi, seli zinazoandaa mwendo ziliandaa njia zote mbili. Alipopewa jibu, moja ikafifia.

Nikigeuza mkono ukiwa njiani, ndiyo kusema sina msimamo?

Hata kidogo. Katika jaribio la Arbora Resulaj na wenzake, la mwaka 2009, watu walitazama vitone vinavyotembea, kisha wakasogeza mpini kushoto au kulia kuonyesha vilikoelekea. Mara tu mkono ulipoanza kwenda, vitone vilitoweka. Hata hivyo wapo waliogeuza njia! Walitumia habari iliyokwisha kuingia machoni ila ubongo ulikuwa haujaimaliza kuichambua. Na kugeuza huko kulisahihisha makosa mara nyingi zaidi kuliko kulivyoharibu jibu sahihi. Mimi naona hili ndilo tokeo tamu kuliko yote katika uchunguzi wa mkono na uamuzi.

Kwa nini mkono hupita katikati malengo yakiwa mawili na hujajua lipi ndilo?

Hapa wataalamu hawajakubaliana. Wapo wanaosema mipango miwili ya mwendo, mmoja kwa kila lengo, huchanganyika. Aaron Wong na Adrian Haith walipinga mwaka 2017: watu walipolazimika kwenda kasi, hadi kupita katikati kukawa hakuna faida, walielekea moja kwa moja kwenye lengo mojawapo. Kwa hiyo, kwa maoni yao, kupita katikati ni hesabu ya makusudi, kujiachia nafasi ya kugeuka. Naegemea upande wao.

Basi naweza kumsoma mchumba wangu kwa jinsi anavyonyoosha mkono?

Pole, hapana. Watafiti hukusanya miondoko mingi ndipo waone mwelekeo. Mkono mmoja, siku moja, unaweza kupinda kwa uchovu tu, au kwa sababu ya kukwepa kikombe. Muulize.