Gavana wa kwanza wa Punjab: Lawrence au Maclagan?

SWALI: Orodha moja ya watawala wa Punjab enzi za Waingereza inaanza na John Lawrence, 1859, nyingine inaanza na Edward Maclagan, 1921. Ipi ni sahihi? Na je, gavana wa jimbo kule India alilingana na PC (Kamishna wa Jimbo) wetu wa Tanganyika enzi za Waingereza?

JIBU: Zote mbili ni sahihi, ila kila moja inahesabu cheo chake. Waingereza waliitwaa Punjab Machi 1849 baada ya kuwashinda Masingasinga, wakaikabidhi kwa bodi ya watu watatu. Bodi hiyo ilipovunjwa mwaka 1853, Lawrence alibaki peke yake akiwa Kamishna Mkuu, na Januari 1859 akapandishwa kuwa Luteni Gavana, kabla ya kumpisha Robert Montgomery mwaka huohuo.

Luteni Gavana aliteuliwa na Gavana Mkuu wa India, kwa idhini ya London, kutoka miongoni mwa maofisa waliokwisha kutumika India kwa miaka isiyopungua 10, ilhali magavana wa Bombay na Madras waliteuliwa London kwenyewe, na mara nyingi walikuwa makabaila au wanasiasa wasiowahi kufanya kazi India. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1919 kuhusu utawala wa India ilipoanza kutekelezwa Januari 1921, Punjab nayo ikapewa Gavana kamili. Maclagan, aliyeshika madaraka Lahore, makao makuu ya Punjab, tangu Mei 1919 akiwa Luteni Gavana, akawa Gavana pasipo kuhama ofisi, ndiyo maana jina lake hutokea katika orodha zote mbili. Papo hapo elimu, afya na kilimo vikaenda kwa mawaziri waliowajibika kwa baraza la kutunga sheria, lakini polisi, kodi ya ardhi na mifereji ya umwagiliaji, ambayo katika Punjab ndiyo iliyokuwa mali hasa, vikabaki mikononi mwa Gavana.

Jihadhari pia na majina mawili yanayochanganywa mno: Michael O'Dwyer alikuwa Luteni Gavana kuanzia 1913 hadi 1919, na aliyeamuru watu wapigwe risasi Amritsar, mji wa Punjab, tarehe 13 Aprili 1919 ni ofisa wa jeshi, Reginald Dyer. O'Dwyer aliunga mkono kitendo hicho, na ndiye aliyeuawa na Mpunjabi mmoja, Udham Singh, jijini London Machi 1940.

Kuhusu PC, hapana. PC alikuwa chini ya Gavana wa Tanganyika. Anayemkaribia kule Punjab ni kamishna aliyesimamia wilaya kadhaa. Kwa ukubwa wa kazi, Gavana wa Lahore alimzidi hata yule wa Dar es Salaam, kwa kuwa sensa ya 1921 iliikuta Punjab ya Waingereza na watu zaidi ya milioni 20, wakati Tanganyika ilikuwa na wapatao milioni 4.

Ukihesabu kuanzia 1921, wa mwisho ni Evan Jenkins, aliyeendesha jimbo bila mawaziri tangu Machi 1947, Khizar Hayat Tiwana alipojiuzulu uwaziri mkuu wa Punjab, hadi Punjab ilipogawanywa Agosti kati ya India na Pakistan.