Kilimanjaro ni mlima, Mlimani ni kilima?

SWALI: Mwanangu wa darasa la tano ameandika kwenye insha "kilima cha Kilimanjaro", mwalimu akapiga mstari mwekundu. Mtoto anauliza kosa liko wapi wakati jina lenyewe linaanza na kilima. Na hapa kwetu Mlimani, mbona mlima siuoni? (Mama wa watatu, Sinza)

JIBU: Mama, mwalimu yuko sahihi, ila mwanao naye ana jicho.

Kilima ni mlima uliopunguzwa. Ondoa m-, weka ki-, na kitu kinasinyaa: mlango unakuwa kilango, mlima unakuwa kilima. (Mti na mto, kwa vile shina lake ni silabi moja tu, huomba msaada wa -ji-: kijiti, kijito.) Usiniulize kilima kinaishia mita ngapi, maana Kiswahili hakikupima kwa mita. Kinapima kwa jicho la msemaji. Aliyekulia chini ya Uluguru ataita kilima kile ambacho mtu wa Kariakoo ataapa kuwa ni mlima.

Ndiyo habari ya Mlimani. Chuo Kikuu kilihamia huko mwaka 1964 kutoka Mtaa wa Lumumba, na kwa macho ya jiografia pale ni kilima. Lakini sisi wa Dar, mji wetu ukiwa tambarare hivi, mlima ni hata mpando wa barabara. Juzi nilikuwa kwenye bajaji ya kupandia chuoni, dereva akapunguza gia, akacheka: "Huu mlima na abiria watatu, mzee, tuombe Mungu tu." Hakusema "hiki kilima". Kilima hakichoshi injini. Hata methali inajua uzito huo: milima haikutani, binadamu hukutana. Sema "vilima havikutani" uone inavyopwaya.

Sasa Kilimanjaro, mita 5,895. Asili ya jina wataalamu hawajakubaliana. Wapo wanaosikia kilima ndani yake, wapo wanaolitafuta kwenye Kichaga. Tuseme kilima kimo. Bado jina limekwisha kuganda, na ki- yake haipunguzi kitu tena. Sikiliza upatanisho: tunasema "Kilimanjaro imefunikwa na wingu", au "Mlima Kilimanjaro umefunikwa". Hakuna asemaye "Kilimanjaro kimefunikwa".

Mwanao aandike Mlima Kilimanjaro, bila "wa" katikati, kwa sababu Kilimanjaro ni jina la mlima wenyewe. Milima ya Usambara inabeba "ya" kwa kuwa Usambara ni nchi, na milima ni yake. Na kama bado analitaka neno kilima kwenye insha, alipeleke kwenye vilima vya Pugu. Viko hapa hapa, na mwalimu hatakuwa na la kukata.