Mwalimu wa kwaya, andika jina lako kwenye hiyo karatasi

Wiki iliyopita mwalimu mmoja kijana wa kwaya aliniandikia: "Mwalimu, nimepanga sauti za nyimbo tatu za Krismasi. Nifanyeje zifike mbali?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Za kwangu zilifika mbali. Shida ni kwamba zilifika bila mimi.

Mwaka juzi nilikaa benchi la nyuma kwenye tamasha la kwaya za sharika. Kwaya ngeni ikasimama na "Usiku Mtakatifu". Ubeti wa kwanza midomo imefumbwa, wa pili tuni ikahamia sauti ya tatu, na wa mwisho besi, waimbaji wa sauti nzito, wakashika noti ya do ya chini, hawaiachi mpaka mstari umalizike. Mwili ukanisisimka. Ile do niliiweka mimi, wala si kwa utaalamu: besi wangu wawili enzi hizo wakiruka noti hawarudi, basi nikawapa moja wakae nayo. Leo udhaifu wao unaimbwa na watu thelathini wenye sare mpya! Mshereheshaji akamtaja aliyepanga sauti. Si mimi. Nikapiga makofi kama wengine.

Usiku ule sikula. Mama watoto akaniuliza, "Kwani karatasi uliyowatumia ilikuwa na jina lako?" Haikuwa nalo. Niliandika solfa, noti zile za do-re-mi, kwa penseli kwenye daftari la mwanangu, nikapiga picha, nikatuma kwa WhatsApp.

Uchungu ule ndio ulionifanya nichimbe habari za wimbo wenyewe. Maneno yake aliyaandika padri Joseph Mohr mwaka 1816 huko Mariapfarr, Austria. Tarehe 24 Desemba 1818 alimpelekea Franz Xaver Gruber, mwalimu wa shule ya Arnsdorf aliyekuwa pia mpiga kinanda wa kanisa la Oberndorf, amtungie tuni. Usiku uleule wakauimba wawili hao, Mohr na gitaa lake, kwaya ikirudia mistari ya mwisho. (Ile hadithi ya panya kutafuna kinanda, tunayoisimulia kila Desemba, haina ushahidi.) Fundi wa vinanda, Karl Mauracher, akaubeba hadi bonde la Zillertal, familia za waimbaji wa huko, akina Strasser na akina Rainer, wakazunguka nao, na mwaka 1839 akina Rainer wakauimba New York. Njiani kila mdomo uliongeza chake. Tuni tunayoimba leo si ileile aliyoiandika Gruber. Ya kwake ilikuwa na mwendo mwepesi zaidi. Ukachapishwa kama wimbo wa watu wa Tirol, mkoa wenye bonde hilo, bila jina la mtu, na wengine wakamvisha sifa mtunzi Michael Haydn. Mwaka 1854 watu wa muziki wa kasri la Berlin wakaulizia mtunzi ni nani, ndipo Gruber, akiwa na miaka 67, alipoketi kuandika maelezo yake. Mohr alikuwa ameshafariki tangu 1848. Na nakala ya mkono wa Mohr mwenyewe, iliyoandikwa wazi kwamba tuni ni ya Gruber, ilipatikana mwaka 1995. Karatasi moja tu, ndugu zangu!

Basi kijana wangu, ushauri ni huu: andika jina. La mwandishi wa maneno kwanza, la mtunzi wa tuni, halafu la kwako kama mpangaji wa sauti. Usijiite mtunzi; kumwongezea Gruber besi hakukufanyi Gruber. Weka tarehe, weka do iko wapi, yaani ufunguo wa wimbo. Kisha geuza karatasi, andika jina tena nyuma.

Msiniambie tunaimba kwa utukufu wa Mungu tu. Nami naimba kwa utukufu wake, lakini sijasoma popote alipoagiza kazi yangu isomwe kwa jina la jirani. Na ninyi mnaochukua jasho la wenzenu, mkasimama mbele ya madhabahu kuimba habari za amani, simu mnazo. Pigeni, ombeni ruhusa. Ningewapa bure, na kosa la ubeti wa pili ningewasahihishia.

Mwaka huu nimeupanga upya. Besi ninao saba, wote wanaruka noti vizuri. Do ya chini nimeiacha palepale.