Stata ya Massey Ferguson 135: jina la trekta halitoshi dukani

Swali: Nina Massey Ferguson 135 ya mwaka 1971, injini Perkins ya silinda tatu. Stata ilikufa, nikanunua nyingine "ya 135". Bolti zimeingia vizuri, lakini ukiwasha inakwaruza, na injini inashika mara mojamoja. Muuzaji anasisitiza ndiyo yenyewe. Tatizo ni nini? — Msomaji, Babati

Jibu: Bolti kuingia kunathibitisha kitu kimoja tu, kwamba matundu yamelingana. Kabla ya kurudi kugombana dukani, angalia inakwaruza wapi. Chora alama ya chaki kwenye puli ya krenki, kisha jaribu kuwasha mara sita au saba, na kila mara iandike alama ilikosimama.

Ikikwaruza kila mahali, stata si yake. Ikikwaruza sehemu fulani tu, ringi ya flaiwili, yaani duara la meno linalozungushwa na stata, imelika. Injini ya silinda tatu ikizimwa husimama karibu kila mara katika sehemu zilezile tatu, kwa sababu mgandamizo wa silinda ndio unaoirudisha hapo. Kwa hiyo bendeksi, ile gia ndogo inayochomoka kwenye stata, hugonga meno yaleyale miaka yote. Ya silinda nne hulika sehemu mbili. Toa stata, vuta waya wa kuzimia, zungusha krenki kwa spana huku ukimulika tochi tunduni: utayaona meno yaliyochongoka.

Kama kosa ni la stata, ziweke zote mbili mezani, ya zamani na mpya. Hesabu meno ya gia ya bendeksi. Jino moja likizidi au kupungua, irudishe. Pima kwa kalipa kipenyo cha gia, halafu umbali kutoka uso wa flenji (bamba lenye matundu ya bolti) hadi ncha ya gia ikiwa imelala na ikiwa imesukumwa nje. Kipimo ambacho mafundi wengi hukiruka ni kipenyo cha ile shingo ya mviringo inayozama tunduni. Shingo ndiyo inayoweka stata katikati. Bolti kazi yake ni kubana tu. Shingo ikipwaya hata kidogo, meno hushikana kwa ncha na kuanza kukwaruza. Mwisho tazama upande inakozungukia, ukiangalia kutoka kwenye gia, na solenoidi (swichi ya umeme iliyo juu ya stata) imekaa wapi, isije ikagusa bomba la dizeli.

Dukani nenda na stata yenyewe. Namba iliyogongwa kwenye bodi ya stata ya Lucas, ambao ndio watengenezaji, ina maana kuliko neno "135", maana trekta hizi zilianza kuundwa 1964 na nyingi zimeshabadilishiwa injini au flaiwili. Spea za MF 240 zinazotoka Pakistani huwa karibu nazo, kwani 240 nayo ilifungwa Perkins AD3.152, lakini nazo zipimwe vilevile.

Kama ni ringi, jiandae: 135 haina chasisi, hivyo injini lazima itenganishwe na gia boksi. Ringi ya zamani hutobolewa kwa drili na kupasuliwa kwa tindo. Mpya hupashwa moto hadi nyuzi 200 hadi 230 hivi, sehemu uliyoipiga msasa ikianza kuwa njano hafifu, kisha hudondoshwa mahali pake. Ikifika bluu umeshaharibu ugumu wa meno. Upande wa meno uliokatwa pembe uelekee bendeksi inakotokea.

Swali: Ferguson yangu ya zamani, nguzo ya chanya ya betri imefungwa kwenye bodi. Naweza kuweka zile stata ndogo za kisasa zenye gia za kupunguza mwendo? — Msomaji, Kitale

Jibu: Uliza kwanza kama ndani ina sumaku au koili. Stata ya koili huzunguka upande uleule hata ukigeuza nyaya za betri. Ya sumaku ya kudumu ukiigeuzia nyaya inazunguka kinyume. Ukiamua kugeuza trekta yote iwe hasi kwenye bodi, dainamo nayo lazima ipewe usumaku upya kabla ya kuwasha, na nyaya za ameta zibadilishwe.

Swali: Stata inazunguka kivivu. Fundi anataka ninunue nzima. — Msomaji, Mbeya

Jibu: Asubiri. Betri iliyojaa isome volti 12.6, wakati wa kuwasha isishuke chini ya 9.5. Halafu, mtu akiwa anawasha, pima kati ya nguzo ya chanya ya betri na teminali ya stata, kisha kati ya hasi na bodi ya stata. Ikizidi nusu volti, ubovu uko kwenye waya au kutu, na mara nyingi ni ile ethi (waya wa betri unaokwenda kwenye bodi) iliyofungwa juu ya rangi.

Nyaya zikiwa safi, fungua stata. Kaboni zinazopeleka umeme kwenye amecha (sehemu inayozunguka ndani) zikibaki milimita 8, badilisha. Bushi mpya za shaba ziloweke kwenye oili namba 30 kwa saa 24 kabla ya kuzigonga. Kavu hulika upesi, amecha ikaanza kusugua vyuma vinavyoshika koili. Komyuteta, yaani vipande vya shaba vinavyoguswa na kaboni, isafishwe kwa msasa laini, na kwa stata za Lucas usichimbe mika, ile kihami iliyo kati ya vipande; kuichimba ni kwa dainamo.

Na ule mtindo wa kuwasha kwa kuunganisha teminali za solenoidi kwa bisibisi, uache hapohapo. Unaruka swichi ya usalama ya gia, na trekta iliyo kwenye gia itaondoka na wewe umesimama mbele ya tairi.